Ndege Iliyotakiwa Kurudi Tupu

Niliwaacha mlangoni mwa banda la ndege, simu iko sikioni, macho yamenitoka. Wengine mmeniuliza wiki nzima niliona nini mle ndani. Sikuona kitu, na hicho ndicho kilichonitoa jasho.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: mimi ni yule binti niliyeanza kwenye kampuni hii ya ndege binafsi kwa kupokea wageni na kuosha vikombe. Nikapanda hadi kuuza ndege. Mauzo yangu ya kwanza wakayaandika jina la mpwa wa Bosi. Nikalia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Halafu nikampata Mama Mabati, mwenye viwanda vya mabati ya kuezekea. Huyo hakuna aliyeweza kuninyang'anya, kwa sababu alimwambia Bosi usoni: "Mimi nanunua kwa huyu binti. Kama hayupo, sinunui."

Mama Mabati hakununua ndege ili aringie watu. Mume wake, Mzee, anasumbuliwa na moyo, na daktari anayeujua moyo ule yuko nchi ya jirani. Kwa hiyo sharti la Mama lilikuwa jepesi: ndege ilale nyumbani, na asiipande mtu asiyemjua. Wamiliki wengine huiruhusu kampuni ikodishe ndege zao wasipozitumia. Yeye alikataa. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, mkataba nimeusoma. Sasa nataka neno lako." Nikampa.

Watu hudhani kazi yetu ni kuuza ndege. Kuuza ni harusi tu, kazi ni ndoa yenyewe: ndege iko wapi, ina mafuta, rubani amelala, fundi ameikagua, mwenye nayo hajanuna. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naijenga kama meneja wa ndege za wateja, na sikuwa na nyingine.

Sasa Mama yuko kwenye simu.

"Mwanangu, Mzee kaanguka bafuni. Tuko ndani ya gari la wagonjwa, tunakuja. Daktari wake anatusubiri kule. Ndege iko tayari?"

Mbele yangu kuna sakafu ya kijivu iliyopigwa deki vizuri, vigingi vya kuzuia magurudumu, na trei ya kukingia matone ya oili. Ndege hakuna.

Ilitoka alfajiri kuwapeleka mafundi wa kiwanda cha Mama mji mwingine, na ilitakiwa irudi tupu asubuhi ile ile. Mimi nilishinda mjini na mnunuzi aliyenibishia kuhusu rangi ya viti. Narudi alasiri, nakuta banda linatoa mwangwi.

"Njooni, Mama," nikasema. Sikusema iko tayari. Nilisema njooni.

Nikapanda ngazi za ofisini mbili mbili.

Bosi alikuwa amekaa chini ya picha yake kubwa, ile aliyovaa kofia ya rubani na kukunja mikono kifuani. Bosi wetu hajawahi kurusha hata tiara.

"Ndege ya Mama Mabati iko wapi?"

"Na wewe hujambo," akasema.

"Bosi, ndege iko wapi?"

"Inarudi. Kwani kuna nini? Ilikuwa inarudi tupu, mafuta yanaungua bure. Kuna bwana mmoja wa vipodozi alikuwa kule anatafuta usafiri, nikampa nafasi. Mama anapungukiwa nini hapo?"

Ngoja niwaeleze. Katika biashara yetu kuna kitu kinaitwa safari tupu. Ndege ikishamfikisha mtu inarudi bila abiria, na inakula mafuta yale yale. Mwenye ndege akikubali, unamtafuta mtu wa kupanda hiyo safari ya kurudi kwa bei ya kutupa, na kila mmoja anafurahi. Kampuni zote hufanya hivyo. Bosi alifanya bila kumuuliza mwenye mali, na huo kwa Kiswahili chepesi ni wizi.

"Ilitakiwa iwe hapa asubuhi," nikasema.

"Bwana wa vipodozi alichelewa kidogo. Alikuwa anakula chakula cha mchana na wenzake. Mteja haachwi, bibie."

"Mzee kaanguka. Wako barabarani, wanakuja."

Nilitegemea ashtuke. Bosi akatazama kucha zake.

"Mwambie ndege iko kwa mafundi. Tairi. Watu ukiwaambia tairi hawaulizi zaidi."

"Simwambii."

"Unasemaje?"

"Nimesema simwambii! Mwambie wewe! Mume wa mtu anapigania roho yake ndani ya gari, unaniletea habari za tairi? Una utu wewe?"

Akasimama. "Usinipandishie sauti ofisini kwangu. Mimi ndiye niliyekutoa kwenye kuosha vikombe."

"Vikombe bado naosha, Bosi. Kila ukichafua wewe, naosha mimi."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Nadhani yalikuwa yamekaa kooni miaka mingi yanasubiri zamu yao. Kabla hajanijibu tukasikia injini nje, nikamwacha amesimama chini ya kofia yake.

Ndege ya Mama ni ndogo, ya injini mbili, rubani mmoja anaitosha. Mlango wake ukifunguliwa hulala chini ukawa ngazi. Kwenye ngazi hiyo akashuka bwana wa vipodozi, ameshika mifuko ya kung'aa, ananukia hadi macho yanawasha.

"Huduma yenu mbovu," akaniambia. "Maji ya baridi yaliisha tukiwa katikati ya safari."

"Bwana, hii uliyopanda ni ndege ya mgonjwa. Chukua mifuko yako uende."

Akacheka, akidhani namtania. Nilimtazama mpaka kicheko kikamwisha, akaondoka anavuta begi lenye gurudumu bovu linalolia.

Kapteni akashuka nyuma yake. Ni mtu mzima, mpole, asiyegombana na mtu. Siku hiyo shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Kapteni, pole na safari. Mzee kazidiwa, wanaingia sasa hivi. Weka mafuta, unageuza."

Akatikisa kichwa. "Meneja, siwezi. Saa zangu zimekwisha."

Rubani ana kikomo cha saa za kazi kwa siku, na saa hizo hazihesabiwi akiwa angani tu. Hata akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya jua, anamsubiri bwana fulani amalize kutafuna, zinakatika. Kapteni aliamka kabla ya jogoo. Mchana wake wote uliliwa mezani na watu asiowajua.

"Kwa nini hukumwacha?" nikamuuliza. "Unajua sharti la Mama kama ninavyolijua mimi!"

"Bosi alinipigia simu. Akasema wewe umezungumza na Mama, na Mama ameridhia. Nikasema, ah, kama ni Meneja amesema, basi nimsubiri."

Mmesikia? Hakutumia jina lake. Alitumia langu, kwa sababu la kwake hata rubani wake halimtoshi.

Gari la wagonjwa likaingia getini likipiga king'ora.

Mama Mabati alishuka wa kwanza, ana ndala za bafuni miguuni, mikono ya gauni imelowa maji. Mzee alikuwa kwenye machela, barakoa ya oksijeni usoni, mkono mmoja unapapasa hewani. Mama akampa kidole chake, mkono ukatulia.

Kumbe Bosi alikuwa ameshatutangulia. Akaanza kumvika Mama kilemba cha ukoka palepale.

"Pole sana, Mama yetu. Pole mno. Sisi kwako hatulali, Mama. Ndege yako ile pale inang'aa. Kapteni! Mgonjwa huyo, twende!"

Kapteni akamtazama Mzee. Nikaona huruma inamwingia, na huruma ya mtu aliyechoka ni kitu cha kuogopa.

"Nitarusha," akasema taratibu. "Meneja, wewe niachie tu. Mgonjwa ni mmoja?"

"Ni mmoja, Kapteni."

Akasugua macho. Akaitazama ndege, akanirudia. "Mgonjwa ni mmoja, siyo?"

Kwetu hakuna ndege inayoondoka bila meneja kutia sahihi kwamba iachiwe. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Niliitoa, nikairudisha.

"Siiachii," nikasema.

Mama akageuka. "Huachii nini, mwanangu?"

"Mama, huyu ana hasira zake za kikazi, usimsikilize," akadakia Bosi.

"Kapteni amechoka, Mama. Saa zake zimekwisha. Akisinzia huko juu hatutamzika Mzee peke yake, tutawazika wote."

"Amechoka kwa safari gani? Safari yangu ilikwisha asubuhi."

Mama akapanda ngazi, akaingiza kichwa ndani ya ndege, akavuta pumzi, akashuka.

"Mle ndani mnanuka manukato ya mwanamume. Nani kakalia kiti cha Mzee?"

Bosi hakupepesa macho. Kidole chake kikanyooka kuja kwangu. "Muulize meneja wako, Mama. Yeye ndiye anayepanga safari zote. Mimi nilidhani mmeelewana."

Jamani, nimewahi kukasirika maishani, lakini siku ile niliona kiza mchana. Niliikamata tai yake, nikaivuta mpaka pua yake ikawa karibu na yangu.

"Rudia! Rudia hapa mbele ya mgonjwa! Umeuza kiti cha mtu, umemchosha rubani wa mtu, sasa unataka nikuzikie na maiti? Mwongo mkubwa wewe! Rudia!"

"Niachie! Nitakufukuza!"

"Fukuza! Umechelewa nini?"

Kapteni ndiye aliyetutenganisha. "Mama," akasema, "Bosi ndiye aliyenipigia simu. Huyu hakujua. Na mimi nilikosea, sikumpigia kumuuliza."

Mama Mabati hakumtazama hata mmoja wetu. Alikuwa anamtazama Mzee. "Mtagombana kesho. Nani atamrusha mume wangu leo?"

Marubani wa aina ile ya ndege si wengi. Aliyekuwa karibu, aliyelala na kula, nilimjua. Alikuwa zamu ya akiba kwenye banda la upande wa pili wa uzio, kampuni ambayo siku hiyo ndege zake zote zilikuwa safarini. Mwenye kampuni hiyo ni dada yangu, wa baba mmoja, mama mmoja.

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua tulikaa naye kaunta moja ya mapokezi, tukigawana kiti na chapati. Siku moja akaondoka na nusu ya wateja, akafungua kampuni yake. Hakuniaga. Habari nilizipata kwa mfagizi. Nikamwita mwizi wa wateja mbele ya mama yetu, na tangu hapo hatusemezani. Hata kwenye msiba wa mjomba tulikaa tumepeana migongo.

Nikasogea pembeni, nikapiga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu bado. Nahitaji rubani wako, sasa hivi." Nikamweleza yote kwa pumzi moja.

"Kumbe namba yangu unayo."

"Dada, nakuomba. Mtu anakufa."

"Nimekusikia, na rubani nitakupa. Lakini ndege ya Mama Mabati inahamia kwangu leo. Naisimamia mimi."

"Sawa."

"Sijamaliza. Wewe huji nayo. Kuanzia saa hii humgusi Mama Mabati. Si kwa simu, si kwa salamu, si kwa safari. Uliniita mwizi wa wateja, siyo? Huyu sikuibii. Huyu unanipa mwenyewe, kwa mkono wako, tena kwa kuniomba."

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wahenga hawakumjua dada yangu.

Nikageuka. Muuguzi alikuwa anabadilisha mtungi wa oksijeni, mikono inaenda haraka. Kidole cha Mama bado kimeshikwa.

"Mchukue," nikasema. "Chukua na ndege. Mlete rubani."

Nikakata simu. Palikuwa na ndoo ya mfagizi karibu na ukuta. Niliipiga teke, maji yakamwagika hadi kwenye viatu vyangu. Miaka yangu yote ya kuijenga kazi hii, tabasamu nilizowagawia watu wasiostahili, usiku niliokesha nikisubiri ndege za watu zitue salama, nimevitoa kwa simu fupi kuliko ya kuagiza mkaa. Nilimkasirikia dada, nilimkasirikia Bosi, nilimkasirikia bwana wa vipodozi na maji yake ya baridi. Nilitamani nimpate mtu mmoja aliyebeba sura zao zote nimzabe kofi.

Rubani akaja mbio, kijana mnyamavu mwenye shati lililopigwa pasi. Dada akaja nyuma yake, anatembea, amevaa miwani ya jua. Hakunitazama na mimi sikumtazama. Mafuta yakawekwa. Rubani akaizunguka ndege akishika hapa na pale, akauliza maswali yake, akaniitikia kwa kichwa. Nikatia sahihi. Machela ikapandishwa kwa shida, muuguzi akaingia, na Bosi akakimbilia ofisini akipiga kelele kwamba anampigia mwanasheria.

Nilivuta pumzi. Mzee anaondoka, nikajiambia. Mengine yatajulikana mbele.

Mama alikuwa juu ya ngazi, anainama kuingia, dada yangu akasogea. Akaitoa ile sauti yake ya kuuzia, ambayo zamani tuliifanyia mazoezi pamoja mbele ya kioo cha choo.

"Mama, usiwe na wasiwasi kabisa. Sasa uko kwetu."

Mama akasimama wima. "Kwenu wapi?"

"Kwangu, Mama. Mdogo wangu hajakwambia? Ndege yako naisimamia mimi kuanzia leo. Tumeshakubaliana."

"Mmekubaliana nani na nani?"

Dada akanitupia macho, na kwa mara ya kwanza tangu afike nikaona hajui aseme nini.

Mama Mabati akanitazama. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mwanangu, leo ndege yangu imeuzwa mara mbili. Mara ya kwanza walitumia jina lako, wewe hukujua. Hii ya pili je?"

Nilikuwa na maneno ya kumpa Bosi, na ya bwana wa vipodozi yalibaki hadi leo. Kwake nilikuwa na haya tu.

"Mama, nilitaka Mzee afike."

"Na mimi nilitaka nini? Nilikuwa nimesimama pale, ungenyoosha mkono ungenishika. Masikio ninayo, mdomo ninao. Ungeniuliza, ningekataa kumwokoa mume wangu?"

Hasira yangu yote iligeuka ikanirudia mwenyewe. Nilikuwa nimemkaba tai mtu kwa kosa hilo hilo, halafu nikasogea pembeni nikalifanya kwa simu, tena nikajiona shujaa. Hata ndoo ya mfagizi niliipiga teke kwa uchungu wa kitu ambacho hakikuwa changu kukitoa.

"Panda," akasema Mama.

"Mama?"

"Panda. Utamshika Mzee mkono huu, mimi nitamshika huu. Neno ulilonipa utanieleza tukiwa angani."

Nikaweka mguu kwenye ngazi. Dada akavua miwani.

"Akipanda yeye, rubani wangu anashuka," akasema. "Yeye anajua. Aliyakubali mwenyewe."

"Dada, mtu anakufa humu ndani!"

"Basi ondoa mguu wako, aende."

Injini ya upande wa pili ilikuwa imeanza kunguruma. Rubani alikuwa amegeuza shingo, anatutazama kupitia dirisha lake, anangoja kujua ni nani anayemtuma. Mama Mabati aliganda juu ya ngazi, mkono mmoja umeninyooshea. Na mlango wa ndege ile ndio ngazi yenyewe, haufungiki mtu akiwa ameukanyaga.

Kutoka ndani muuguzi akapaza sauti.

"Nyie! Fungeni mlango! Anaacha kupumua!"